Umeme mdogo jadidifu Tanzania Bara: mwongozo wa kupita katika sheria na kanuni kabla ya kuweka fedha

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya chama cha ushirika, parokia, shamba la chai au la miwa, au mfanyabiashara wa kawaida mwenye maporomoko ya mto, mabaki ya mazao au eneo lenye jua kali, ambaye anafikiria kuzalisha umeme usiozidi megawati 10 Tanzania Bara. Zanzibar ina shirika lake la umeme, ZECO, na mdhibiti wake, ZURA, kwa hiyo haimo humu.

Wengi wanaoanza safari hii huuliza kwanza kuhusu misamaha ya kodi. Misamaha ipo na tutaifikia, lakini ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote. Mradi hujengwa au hubaki kwenye makaratasi kwa sababu mbili kubwa: nani atanunua umeme, kwa bei gani na kwa miaka mingapi, na nini kitampata mwekezaji siku mambo yatakapobadilika, iwe ni gridi ya Taifa kufika, bei kuagizwa ishuke au shilingi kupoteza thamani. Sera inayovutia uwekezaji ni ile inayojibu maswali hayo mawili kwa maandishi. Hatua zinazofuata zimepangwa kwa kufuata hoja hiyo, na ndiyo maana suala la mnunuzi limetangulizwa mbele ya suala la mtambo.

Hatua ya kwanza: soma sheria kwa mpangilio wake

Anza na sheria tatu. Sheria ya EWURA ya mwaka 2001 ndiyo iliyounda Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji. Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005 ilianzisha Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, pamoja na mfuko wake. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 ndiyo inayosema nani anahitaji leseni, nani amesamehewa, na bei hupangwaje. Chini ya sheria hiyo ya tatu ndipo zilipo kanuni za uendelezaji wa miradi midogo ya umeme, ambazo ndizo utakazozishika mkononi kila siku.

Historia ya kanuni hizo inafaa kujulikana, maana majirani zako wenye miradi ya zamani watakupa ushauri unaotokana na kanuni ambazo hazitumiki tena. Utaratibu wa kwanza, ulioanza mwaka 2008, uliweka mkataba wa mfano ambao kila mzalishaji mdogo angeusaini bila kujadiliana upya kipengele kwa kipengele. Hilo peke yake lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu gharama za mawakili kwa mradi wa megawati 2 zinaweza kukaribiana na zile za mradi wa megawati 50. Bei ilikokotolewa kutokana na gharama ambayo TANESCO ingeiepuka kwa kununua umeme wako badala ya kuupata kwingine. Zikawapo bei mbili: ya chini kwa anayeuza kwenye gridi kuu, na ya juu zaidi kwa anayeuza katika maeneo yaliyokuwa yakiendeshwa kwa jenereta za dizeli, kwa kuwa dizeli ndiyo iliyokuwa ikiepukwa.

Udhaifu wa utaratibu ule ulikuwa kwamba bei ilifuata gharama za TANESCO na haikutazama gharama za mwenye mradi. Mto mzuri uliokuwa karibu na gridi kuu ulipata bei isiyolipa mkopo, ilhali mto wa kawaida kwenye eneo la dizeli uliweza kumtajirisha mtu. Mwaka 2015 mfumo ukafumuliwa: umeme wa maji na wa tungamotaka (mabaki ya mazao, kuni na mfano wake) ukapangiwa bei kwa ukubwa wa mradi, mdogo ukilipwa zaidi kwa uniti kuliko mkubwa, huku jua na upepo vikipelekwa kwenye ushindani wa zabuni, kwa kuwa bei ya paneli ilikuwa ikishuka kwa kasi ambayo hakuna jedwali la serikali lingeweza kuifuata. Zikafuata kanuni za 2018 na za 2020. Kabla ya kufanya hesabu yoyote, pata nakala ya kanuni inayotumika leo kama ilivyochapishwa katika Gazeti la Serikali, pamoja na agizo la bei la karibuni la EWURA, na uziweke kwenye jalada moja. Muhtasari wa mshauri hautoshi.

Hatua ya pili: chagua mnunuzi kabla ya kuchagua mtambo

Zipo njia nne. Unaweza kuiuzia TANESCO umeme wote kwa jumla. Unaweza kuwauzia wananchi moja kwa moja kupitia gridi yako ndogo. Unaweza kuchanganya yote mawili, kama unavyofanya mradi wa Mwenga huko Mufindi, wenye megawati 4 za umeme wa maji, uliowashwa mwaka 2012, ambao huuza kwa TANESCO na pia husambaza umeme kwa vijiji vya jirani. Njia ya nne ni kutumia umeme wako mwenyewe na kuingiza ziada kwenye gridi chini ya kanuni za mwaka 2018 zinazoruhusu mita kuhesabu umeme unaoingia na unaotoka. Hii inafaa kiwanda, shule au hospitali yenye paa kubwa. Haikuletei mapato ya kulipia mkopo mkubwa, lakini inapunguza ankara, na urasimu wake ni mfupi kuliko wa njia nyingine zote.

Katika kuchagua, tazama nchi ilivyo sasa. Bwawa la Julius Nyerere lina mashine tisa za megawati 235 kila moja, jumla megawati 2,115. Mashine ya kwanza ilianza kuingiza umeme gridini Februari 2024 na ya mwisho ikakamilika mwaka 2025. Uwezo wa bwawa hilo peke yake unakaribiana na mahitaji ya juu kabisa ya nchi nzima. Maana yake kwa mzalishaji mdogo ni kwamba hoja iliyokuwa ikifungua milango mwaka 2012, yaani nchi ina upungufu wa umeme nami ninao, haina nguvu tena. TANESCO haikosi uniti katikati ya gridi. Inachokosa ni umeme ulio imara mwishoni mwa njia ndefu, ambako nguvu hupotea njiani na taa hufifia jioni. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe alieleza mpango wa kununua umeme kutoka Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, na sababu aliyoitoa ilikuwa upotevu huo wa umeme unaosafiri kutoka kusini. Kwa hiyo andiko lako lianze na jina la kituo cha kupoza umeme kilicho karibu nawe, urefu wa njia ya kilovoti 33 kutoka kituo hicho hadi kwako, na hali ya umeme mwishoni mwa njia hiyo. Takwimu hizo ofisi ya TANESCO ya mkoa inazo, na mhandisi wa mkoa akikubaliana nawe kwamba mradi utamwondolea usumbufu, barua yako itasomwa makao makuu kwa jicho jingine.

Anayefikiria gridi ndogo naye ana ramani mpya ya kuitazama. Serikali imekwisha kutangaza kwamba vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na umeme, na kazi inayoendelea sasa ni ya vitongoji, ambavyo viko 64,359. Nafasi ya gridi ndogo ya mtu binafsi kwenye nchi kavu imefinyika sana. Imebaki visiwani, katika maziwa na baharini, na katika vitongoji vilivyo mbali na nguzo ambavyo zamu yake haijulikani. Ukiwa na eneo la namna hiyo, omba REA ikueleze kwa barua kitongoji chako kimepangwa katika awamu gani ya usambazaji. Jibu la mdomo halitakusaidia benki.

Hatua ya tatu: jua umeangukia kundi gani

Kanuni zinagawa miradi kwa ukubwa, na mipaka ya kukumbuka ni mitatu: kilowati 100, megawati 1 na megawati 10. Mradi ulio chini ya megawati 1 umesamehewa leseni, lakini haukusamehewa usajili. EWURA lazima ikutambue, na viwango vya usalama na ubora wa huduma vinakuhusu sawasawa na wengine. Kuanzia megawati 1 unahitaji leseni. Mpaka wa kilowati 100 unahusu bei: kanuni za 2015 ziliwaruhusu wenye gridi ndogo zilizo chini ya kiwango hicho kupanga bei bila kibali cha awali, isipokuwa asilimia 15 ya wateja wakilalamika, ndipo EWURA iingilie. Zaidi ya megawati 10 unaondoka kabisa katika utaratibu huu wa mikataba ya mfano na kuingia katika majadiliano au zabuni za miradi mikubwa, jambo linalohitaji mfuko wa aina nyingine.

Kuna wanaoshawishika kugawa mto mmoja katika miradi miwili ya kilowati 900 ili kukwepa leseni. Sishauri. Mdhibiti huiona ramani, na mkopeshaji huogopa zaidi kampuni inayocheza na mipaka kuliko kampuni iliyosubiri leseni yake. Kujenga kwa awamu ni jambo tofauti na linakubalika, alimradi awamu zote zimetajwa tangu mwanzo.

Hatua ya nne: ardhi na maji, na vyote viwili kwa maandishi

Kampuni isajiliwe BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, na ipate namba ya mlipakodi kabla ya kuomba chochote, ili kila kibali kitoke kwa jina la kampuni na si la mtu. Hilo ni jambo la muda mfupi tu. Ardhi ndiyo huchukua muda.

Sehemu kubwa ya mito na mabonde iko kwenye ardhi ya kijiji, inayosimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio wenye kauli. Kama ardhi inahitaji kuhamishwa kutoka ya kijiji kuwa ya jumla na haizidi hekta 250, idhini ya mkutano huo ni ya lazima. Ikizidi hapo, uamuzi unakwenda kwa waziri baada ya kijiji kutoa maoni. Mwekezaji mgeni hawezi kumilikishwa ardhi moja kwa moja na hupata haki ya kuitumia kupitia mamlaka ya uwekezaji. Chukua muhtasari wa mkutano wenye sahihi na mahudhurio, si barua ya mwenyekiti pekee. Usisahau kipande ambacho watu wengi hukisahau: njia ya nguzo. Mtambo unaweza kukaa kwenye hekta tatu, lakini nguzo za kuufikisha umeme kwenye gridi zikapita kwenye mashamba ya watu mia moja, na kila mmoja wao ana haki ya fidia kwa tathmini ya mthamini aliyesajiliwa.

Kwa wanaodharau hatua hii, Kenya ina mifano miwili iliyo wazi. Mradi wa upepo wa Kinangop, uliokusudiwa kuwa wa megawati 60 hivi na ambao fedha zake zilikwisha kupatikana, ulifutwa mwaka 2016 baada ya upinzani wa wananchi juu ya ardhi. Ule wa Ziwa Turkana, wa megawati 310 na mitambo 365, ulijengwa na unafanya kazi, lakini Oktoba 2021 mahakama iliyoketi Meru iliamua kwamba hati za ardhi yake zilipatikana kinyume cha utaratibu. Kenya wakati huo ilikuwa na sera ya bei maalumu ya nishati jadidifu tangu 2008, kabla ya wengi wetu. Bei nzuri haikuziba pengo la ardhi.

Maji yana kibali chake. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, kibali cha kutumia maji hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde, na mabonde yako tisa. Mufindi na Njombe utakuta sehemu kubwa ni bonde la Rufiji, Mbinga utaangukia Ziwa Nyasa au Ruvuma kutegemea mto unaelekea wapi. Ijapokuwa mtambo wa maji huyarudisha mtoni, bado unahitaji kibali, na bodi itakupangia kiasi ambacho lazima kibaki mtoni kati ya banio, yaani mahali maji yanapochepushwa, na nyumba ya mitambo kwa ajili ya viumbe na watu wa hapo. Kiasi hicho kiondoe kwenye hesabu zako mapema. Uliza pia vibali vingine vilivyokwisha kutolewa upande wa juu wa mto, kwa kuwa wakulima wa umwagiliaji walio juu ya banio huchukua maji katika miezi ileile unayoyahitaji. Ruaha Mkuu, mto uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, umekuwa ukikauka katika majira ya kiangazi tangu miaka ya 1990, na matumizi ya maji ya Usangu ni sababu kubwa.

Hatua ya tano: pima kabla hujaamini

Wakati ardhi na maji vinaendelea, weka kipimo mtoni, au kipima mwanga wa jua kwenye eneo lako, na ukusanye takwimu angalau za mwaka mmoja ukiwamo msimu wote wa kiangazi. Kwa maji, hesabu ya awali ni rahisi: zidisha ujazo wa maji kwa sekunde katika mita za ujazo, kimo cha maporomoko katika mita, 9.81, na ufanisi wa mtambo. Mita moja ya ujazo ikishuka mita 100 kwa ufanisi wa asilimia 75 itakupa takriban kilowati 736. Mto ukikuruhusu kuzalisha kwa wastani wa asilimia 60 ya uwezo huo mwaka mzima, utapata karibu uniti milioni 3.9. Namba hiyo ya mwisho ndiyo utakayoizidisha kwa bei ya uniti. Wanaozidisha uwezo wote wa mtambo kwa saa zote 8,760 za mwaka hupata utajiri wa karatasini ambao mhakiki wa benki huutambua kwenye ukurasa wa kwanza.

Hatua ya sita: mazingira

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira, na maombi hupitia NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Marekebisho ya kanuni ya mwaka 2018 yaligawa miradi katika madaraja kulingana na uzito wa athari zake, kwa hiyo wasilisha kwanza maelezo mafupi ili upangiwe daraja kabla ya kumlipa mtaalamu kwa tathmini kamili. Mtaalamu awe amesajiliwa. Hakikisha kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye ripoti ya mazingira ni kilekile kilichoandikwa kwenye kibali cha bonde, na uwezo wa mtambo ni uleule utakaoupeleka EWURA. Nyaraka zinazopingana huchelewesha mradi kuliko jambo lolote la kiufundi.

Hatua ya saba: barua ya kusudio, kisha mkataba

Ukiwa na kampuni, ardhi, maji, upembuzi yakinifu na hali ya mazingira, unaiomba TANESCO barua ya kusudio, ambayo inasema kwamba ipo tayari kununua umeme wa mradi huu mahali hapa kwa kiasi hiki. Barua hiyo haikufungi wala haimfungi mnunuzi kwa bei, lakini bila hiyo hakuna benki itakayoketi nawe. Baadaye unakuja mkataba wa kuuziana umeme, ambao lazima upitishwe na EWURA. Hapa ndipo msomaji anapaswa kukaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote, ingawa mkataba ni wa mfano na nafasi ya kuubadilisha ni finyu. Usipoweza kubadilisha kipengele, angalau utajua hatari ya kukatia bima au kuihesabu kwenye bei ya mkopo.

Anza na sarafu na marekebisho ya bei. Mwanzoni mwa 2014 dola moja ilikuwa karibu shilingi 1,600. Mwaka 2024 ilivuka 2,600. Mtambo, paneli na mara nyingi mkopo wenyewe ni wa dola au yuro, wakati mteja wa mwisho hulipa shilingi kupitia LUKU. Soma bei imetajwa kwa sarafu gani, inalipwa kwa sarafu gani, kwa kiwango cha ubadilishaji cha siku gani, na inapandishwa kwa kipimo gani kila mwaka. Mkataba wa kwanza wa 2008 ulikuwa na kinga moja nzuri: bei haikuweza kushuka chini ya ile ya mwaka wa kusaini. Tafuta kinga ya namna hiyo katika mkataba ulio mbele yako.

Kisha tazama malipo yakichelewa. Katika miaka iliyopita wazalishaji kadhaa, wadogo kwa wakubwa, waliidai TANESCO kwa miezi mingi, na kwa kampuni yenye mtambo mmoja miezi sita bila malipo inatosha kuvunja mkopo. Je, kuna riba kwa deni lililochelewa? Je, kuna dhamana yoyote? Kama hakuna, weka akiba ya kulipa mkopo kwa angalau nusu mwaka ndani ya gharama za ujenzi, hata kama itakuudhi kuiona fedha hiyo imelala. Uganda ilishughulikia hofu ya wawekezaji kwa namna nyingine: mpango wa GETFiT, ulioanzishwa mwaka 2013 na mdhibiti wa umeme wa nchi hiyo pamoja na KfW, benki ya maendeleo ya Ujerumani, uliongeza nyongeza juu ya bei ya kawaida na kuilipa katika miaka ya mwanzo ya uzalishaji, yaani wakati mzigo wa mkopo ni mkubwa, ukaambatana na mikataba ya mfano na kinga dhidi ya kutolipwa. Mtambo wa jua wa Soroti, wa megawati 10, uliwashwa Desemba 2016 chini ya mpango huo. Kwa maoni yangu huo ndio mpango uliolenga kidonda chenyewe katika ukanda wetu, na vyama vya wazalishaji Tanzania vingefanya vyema kuudai kuliko kuomba msamaha mwingine wa ushuru.

Tatu, umeme usiochukuliwa. Njia ya TANESCO ikikatika kwa siku kumi wakati mto umejaa, nani anabeba hasara? Katika mradi mdogo ulio mwishoni mwa njia mbovu, swali hili linaweza kuwa asilimia kumi ya mapato yako. Nne, gharama za kuunganisha: kwa utaratibu wetu mzalishaji mdogo hulipia njia hadi kwenye gridi, kwa hiyo kila kilomita ya nguzo ni yako, na ratiba ya kuijenga iandikwe. Ziwa Turkana linatufundisha jambo hapa pia, kwa upande wa pili wa meza: mitambo ilikamilika mwaka 2017, njia ya zaidi ya kilomita 400 iliyokuwa jukumu la serikali ikachelewa hadi Septemba 2018, na Kenya ikalazimika kulipa kwa umeme ambao haukuweza kufika popote.

Mwisho katika mkataba, soma kipengele cha mabadiliko. Masista Wabenediktini wa Chipole, mkoani Ruvuma, waliwasha mtambo wao wa Tulila wa megawati 5 mwaka 2015, wakati Songea ikiwa bado inategemea dizeli. Mwaka 2018 gridi kuu ikafika kwa njia ya Makambako hadi Songea. Eneo lililokuwa la dizeli linaweza kugeuka la gridi kuu ndani ya miaka mitatu, na mradi unaopangiwa bei kwa kutegemea dizeli unapaswa kuwa na sentensi iliyo wazi inayosema bei itakuwa ipi siku hiyo. Kama sentensi hiyo haipo, fanya hesabu zako zote kwa bei ya chini.

Hatua ya nane: kwa mwenye gridi ndogo

Hapa bei haitoki kwa TANESCO bali kwa mwananchi, na kanuni zinakuruhusu kutoza bei inayorudisha gharama, jambo ambalo katika Afrika ya miaka ya 2008 hadi 2015 lilikuwa nadra na liliifanya Tanzania itajwe kama mfano. Kanuni za 2015 zilijibu pia swali la gridi kufika: mwenye mtambo anaweza kugeuka mzalishaji anayeiuzia TANESCO kwa jumla, au msambazaji anayenunua kwa jumla na kuwauzia wateja wake, au akafanya yote mawili, au akaiachia TANESCO miundombinu ya usambazaji kwa fidia.

Lakini kanuni na siasa ya bei ni vitu viwili. Mwaka 2020 Serikali iliagiza wenye gridi ndogo binafsi washushe bei hadi shilingi 100 kwa uniti, sawa na anayolipa mteja mdogo wa TANESCO anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi. Hoja ya haki ilikuwa na uzito, kwani mwananchi wa kisiwani alikuwa akilipa mara nyingi zaidi ya mwenzake wa mjini. Kilichokosekana ni ruzuku ya kuziba pengo kati ya shilingi 100 na gharama halisi, ambayo TANESCO yenyewe huipata kwa wateja wake wakubwa kuwabeba wadogo. Kwa hiyo usiwasilishe hesabu za gridi ndogo zenye bei moja tu. Andaa mbili: bei inayorudisha gharama, na bei ya Taifa pamoja na ruzuku ya kila mteja aliyeunganishwa. Mradi usiosimama katika hali ya pili hata baada ya ruzuku ya ujenzi kutoka REA, uache, au upunguze uwe wa wateja wakubwa wachache kama mashine za kusaga, mnara wa simu na kiwanda cha barafu cha wavuvi.

Hatua ya tisa: fedha na misamaha

REA hutoa ruzuku kwa maandalizi na kwa kuunganisha wateja, kwa awamu zinazotangazwa. Fuatilia matangazo, na usianze kujenga kabla ya kupata kibali cha ruzuku, kwa kuwa gharama zilizokwisha kutumika ni vigumu kurudishwa. Kwa upande wa kodi, Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2014 ilisamehe vifaa kadhaa vya umeme wa jua vilivyotajwa kwa orodha, na orodha hiyo huguswa na Sheria ya Fedha kila Julai. Linganisha kila kifaa na jina lake kwenye orodha kabla ya kuagiza, maana paneli inaweza kusamehewa huku vyuma vya kuishikilia vikitozwa. Kenya iliondoa msamaha wa namna hiyo kwa Sheria ya Fedha ya 2020 na kuurudisha mwaka uliofuata. Aliyekuwa na makontena baharini katikati ya miezi hiyo ndiye aliyelipia somo. Mkataba wa mkandarasi useme nani anabeba kodi mpya.

Motisha nyingine hupatikana kwa cheti cha uwekezaji, ambacho tangu Julai 2025 kiko chini ya TISEZA, mamlaka iliyochukua kazi za TIC (kituo cha uwekezaji) na EPZA (mamlaka ya maeneo ya uzalishaji kwa ajili ya mauzo ya nje). Sheria ya Uwekezaji ya mwaka 2022 ilimshushia Mtanzania kiwango cha chini cha mtaji hadi dola 50,000, ilhali kwa mgeni kilikuwa dola 500,000, kwa hiyo mwekezaji wa ndani asidhani dirisha hilo ni la wageni. Biashara ya kaboni nayo ina kanuni zake za mwaka 2022 na kituo chake cha taifa katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro; isajili kama mapato ya ziada, usiitegemee kulipa mkopo.

Hatua ya kumi: panga tarehe za vibali

Leseni ya muda ya EWURA, barua ya kusudio, kibali cha maji na cheti cha mazingira kila kimoja kina muda wake na masharti yake ya kuanza ujenzi. Chora jedwali moja lenye tarehe ya kutolewa, tarehe ya mwisho, ofisi husika na ada ya mwaka, kisha utafute nyaraka itakayoisha kwanza na uanze kuiombea nyongeza ya muda angalau miezi mitatu kabla. Mkopeshaji atataka zote ziwe hai siku moja, siku ya kusaini mkopo, na mara nyingi ile inayokuwa imeisha ni ya maji, kwa sababu ada yake ya mwaka ni ndogo na hakuna aliyepewa kazi ya kuilipa.